Kiungo Chekundu

Mama hataki vitufe.
Ameniambia kwa simu kutoka Kuopio, mara tatu:
vitufe vyenu vidogo, vidole vyangu vinene,
na hicho kipanya hunitoroka mezani kama panya wa kweli.

Basi nimeketi jikoni, Tampere, saa nane za usiku,
theluji imeziba nusu ya dirisha,
namshonea kiraka cha kupachika
kwenye daftari lake la kompyuta:
mistari mia mbili na kumi na mmoja,
thelathini kati yake kazi yake kuomba radhi.

Kanuni nimemwandikia kwa kalamu nyeusi,
azibandike kwenye friji.
Neno ukitaka linenepe, lipe nyota kila upande.
Ukitaka lilale, litie mikwaju, huku mmoja, huku mmoja.
Alama za usawa, mbili mbili, hufanya kichwa.
Kistari peke yake hufanya orodha.
Na mabano ya mraba, mawili mawili,
hufanya kiungo:
neno linanyoosha mkono, ukurasa mwingine unaupokea.

Akaanza na andazi.

== Andazi la kusuka ==
- maziwa vuguvugu
- iliki, usiipime
- siagi, kama [[Oiva]] hayupo mezani

Vidole vilivyopanga mbao kiwandani miaka thelathini na minne,
viungo vimevimba, havikunji tena,
vikaipata mabano bila kutazama.

Halafu ziwa: unene wa barafu, sentimita arobaini na mbili,
[[Oiva]] angesema hamsini.
Halafu viazi. Halafu mbwa wa jirani Taimi.
[[Oiva]], [[Oiva]].

Kiraka changu hakina adabu.
Kiungo kisicho na ukurasa hukipaka rangi nyekundu.
Nikahesabu wekundu mara kumi na tisa:
mjomba wangu, aliyepanda meli mwaka wa sitini na tisa
kwenda Uswidi kuunda magari,
na hakutuma hata kadi ya Krismasi.

Naweza kuuondoa huo wekundu, nikamwambia,
ni mstari mmoja tu.
Uache, akasema. Ukurasa upo.
Haujaandikwa tu.

Mwezi wa nne daftari likapata toleo jipya
na kiraka kikachanika.
Nyota, mikwaju, mabano, vyote uchi kwenye kioo.
Nilitarajia lawama.
Mama akasema ameligeuza sweta,
leo anaona mishono upande wa ndani,
na ameisoma jioni nzima,
chai ikapoa.

Jumapili nimeshona upya. Nimejaribu kila kiungo,
nikafika kwenye jina.
Daftari hukumbuka, hata usipoliomba:
ukurasa umefunguliwa mara thelathini na saba,
umehifadhiwa mara moja, jana, saa kumi alfajiri.

== Oiva ==
-

Hapo tu. Kistari, na baada yake weupe.

Nikakumbuka nilivyokiandika kiraka, kwa majivuno ya usafi:
kistari kisicho na neno ni kosa la mkono,
kifute.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili nimeuongeza sasa hivi.
Unasema: kiache.