Udongo wa Kharsoli

Basi la chuo lilitushusha saa mbili kasorobo,
wanafunzi thelathini na mmoja kutoka milimani Himachal,
sauti zimetukauka kwa kucheka njia nzima,
na Profesa Katoch akihesabu vichwa
kama mtu ahesabuye chenji asiyoiamini.

Mlangoni tukavishwa makoti meupe.
Langu lilikuwa la mtu mrefu;
mikono ilinimeza hadi kucha.
"Msiguse kitu," akasema mtafiti, Bibi Ranjana,
"wala msidhani hakuna kinachowagusa."

Tukaona mitungi ya chuma ya kuchachushia,
minene kama mafahali, ikikoroma.
Tukaona sahani za agari, na juu yake bakteria
wa manjano, wa waridi, kundi moja la zambarau
kama wino uliomwagikia daftari la mtoto.
Navkiran alipiga picha ishirini.
Tejas akauliza habari za ajira, na mshahara.
Ana haki: baba yake anadaiwa trekta.

Halafu chumba cha baridi.
Humo viumbe hugandishwa ndani ya vichupa,
huandikwa majina, hulazwa,
si kufa, kulala tu,
miaka na miaka, wakingoja tone la mchuzi.
Pipa la naitrojeni lilipofunuliwa, ukatoka ukungu
wa asubuhi za kwetu za Desemba.
Bibi Ranjana akavaa glavu nene, akainua kichupa,
chochote, kilichomjia mkononi,
akasoma: namba, jenasi, mwaka,
"udongo wa shamba la mpunga, Kharsoli."

Kharsoli.

Babu yangu alizaliwa Kharsoli.
Kharsoli iko chini ya bwawa, mita arobaini za maji,
tangu mama yangu hajaota meno:
kisima, hekalu, kizingiti alichojikwaa babu
siku ya harusi yake, vyote.
Serikali iliwapa karatasi yenye mhuri
na ekari za mchanga, mbali, kusikoota mpunga.
Hadi leo babu akinawa uso
hufumba macho kupita muda wa kunawa.

Nikauliza, bado wako hai?
"Tukiwaamsha, ndiyo. Nyuzi thelathini, usiku mmoja,
wataanza kugawanyika
kana kwamba hakuna kilichotokea."

Kana kwamba hakuna kilichotokea.
Wenzangu wakaenda kantini kula sambusa.
Ripoti yangu ina mstari mmoja hapo, na doa la kalamu.

Jioni, basi likipanda kona za kurudi, nikampigia babu.
Nikamwambia kuna kipande cha kwenu,
hakionekani kwa jicho,
kimelala kwenye baridi isiyosemeka,
na jina la kijiji wameliandika sawasawa, bila kukosea herufi.
Akanyamaza. Nikasikia redio yake,
bei ya haradali, bei ya ngano.
Kisha akaniuliza swali
lisilokuwamo kwenye karatasi ya Profesa Katoch:

"Wanawalisha nini?"