Kidato cha Ngapi

Alhamisi saa nne, chumba cha nyuma, Tudor,
ndicho kikao pekee mjini
ambacho hakuna anayetafutiwa kiti.
Kila mtu kaja na chake.
Cha Mwakio kina stika ya timu iliyoshuka daraja,
cha Saumu chalia ng'wii gurudumu la kushoto,
changu nimekitandikia kipande cha leso,
jina limeangalia chini, nalikalia.

Nafula, binti wa nasaha, kalamu mkononi:
"Kutoka sifuri hadi kumi, maumivu leo ni ngapi?"
Tukajibu kama watoto wanaoitwa majina.
Saba. Sita. Nane na nusu.
Nusu ile ilikuwa yangu.
Mshonaji haachi nusu inchi ipotee.

Nilitaka kumwambia, sikumwambia:
mguu huu ukiudunga sindano haujui.
Mwanangu aliujaribu, akacheka, kisha akalia.
Lakini saa nane za usiku, wenyewe,
bila sindano, bila moto, bila mtu,
unaungua.
Mguu usiojua kuguswa
umejulia wapi kuungua?
Na bado wakanyaga cherehani. Nauona umelala,
nausikia unakanyaga,
pindo refu lisilofika mwisho.

Chengo hakutaja nambari.
Mgema wa Mtwapa, mnazi ulimtupa
asubuhi ya mvua, kibuyu hakijajaa.
"Shule niliiachia kidato cha pili," akasema.
"Vya mnazi nilivimaliza vyote,
na cha juu kabisa ndicho kilichonimaliza mimi.
Basi niulize hivyo. Niko kidato cha ngapi?"

Feni ikazunguka. Mtu akakohoa.

"Leo niko cha kumi na tisa. Naziona paa za watu.
Upepo upo. Kibuyu kinanigonga kiuno,
kiuno ambacho, haki ya Mungu, sina habari nacho."

Saumu akacheka mpaka breki ikamtoka,
Saumu aliyeangukiwa na gunia la kabichi Kongowea,
ambaye wiki tatu alikuwa akisema "sijambo" tu.
Kicheko kilituuma sote, kila mtu pake.
Hatukukikatiza.

Mwakio hakupendezwa. "Mimi dereva, sijui minazi.
Mimi nipimeni kwa mzani wa Mariakani:
leo nimezidisha tani nne
na askari hataki kusikia lolote."
Nafula akaandika hilo pia,
kisha akaiweka kalamu chini, pole pole,
kama mtu anayevua viatu mlangoni.
"Na kushuka, Chengo, hushukwaje?"

"Hutazami chini. Chini kunaita.
Unatafuta kidato kwa kidole gumba cha mguu,
kimoja tu. Ukikipata, unapumua.
Hujapumua, hutafuti cha pili."

Hakuna aliyesema hii ni dawa.
Vidonge vyangu ni vile vile, asubuhi na usiku,
na mdomo ule ule mkavu.
Nilirudi Majengo na maumivu yangu yote,
sikuyapunguza hata uzi.
Mama akauliza, "Wamekufanyia nini huko?"
Nikasema, tumehesabu.
Akanitazama. Akaendelea kuchambua mchele.

Jana usiku stima zilipotea mtaa mzima.
Moto ukaanzia nyayoni, ukapanda,
ukalifika lile fundo la mgongo niliposhonwa mimi,
baada ya ngazi ya tangi la maji kuteleza.
Nikamtumia Chengo sauti: "Kumi na saba."
Nikangoja. Mbu mmoja alikuwa ananisoma sikioni.

Jibu likaja, sauti nzito
ya mtu ambaye naye hakulala:
"Mimi niko cha ishirini. Nakuona hapo chini.
Usiangalie huku. Tafuta chako."

Nikatafuta. Kwa kidole gumba
kisichojua kama kimeshika shuka au hewa.
Muda ukapita, sijui kiasi gani.
Cha kumi na sita kilikuwa kimelowa.
Nikakikanyaga hivyo hivyo.