Debe la Nta, Sikonge

Saa kumi usiku nilihesabu vifaranga saba wamekufa,
wamelaliana pembeni mwa boksi kama soksi zilizovuliwa.
Na debe langu la nta, lililoshinda juani chini ya kioo cha dirisha,
nje lilikuwa baridi.
Nikalipasua kwa patasi.
Katikati nta bado maji, moto wa kubabua kidole.

Ndipo nilipoujua ubahili wake:
inapoganda huanzia ukutani,
hujivika gamba, hujifungia na joto lake lote,
na kipupwe kinaua nusu shibiri kutoka hapo.

Kilo kumi na mbili, za Mhoja mrina asali,
bado zikinuka moshi na miyombo.

Nikatwanga mkaa, nikaukoroga humo.
Siku ya tatu ulikuwa umezama wote,
umetulia chini kama machicha ya kahawa,
na juu nta ni ile ile.

Nyanzala hakuniuliza neno wiki nzima.
Jioni moja alikuwa anasugua sufuria ya ugali,
akasita, akainua stilwaya inayochuruzika:
"Na hii? Hii haizami. Imejishika yenyewe."

Tukamaliza stilwaya zote dukani kwa Hilali.
"Kwani mna sufuria ngapi ninyi?"
Tukakata makopo ya soda yawe mapezi,
tukayapigilia toka ukutani hadi moyoni mwa debe,
stilwaya katikati, waya ukigusa waya,
kisha nta ikamiminwa, ikapenya polepole.

Tukazidisha.
Joto likatoka mbio, saa sita usiku limekwisha,
maana kila bati linakula nafasi ya nta,
na bati halina akiba.
Tukapunguza mapezi manne. Kisha mawili tena.
Nyanzala aliandika saa kwa mkaa, mlangoni,
hadi mlango ukajaa.

Marehemu mama mkwe alizoea kusema
nina moto, ila hajulikani wa kuuota.
Nilikuwa nacheka.

Leo saa kumi tumetoka wote na tochi.
Debe lina uvuguvugu wa shavu la mtoto.
Vifaranga wametawanyika, kila mmoja na usingizi wake,
mmoja kalala chali kama mlevi.
"Amekufa?"
Nyanzala akamgusa. Akalia, kwa hasira.
Tukasimama pale, mikono yetu juu ya bati,
nikaanza kumweleza jambo
la mwaka juzi.