Mifuniko

Kamusi yangu kuukuu, iliyosafiri ndani ya blanketi,
inasema uraibu ni jambo ulipendalo wakati wa mapumziko.
Redio ya nyumbani inasema uraibu ni unga na sindano.
Neno moja, milango miwili,
na mwanangu Somoe hapiti hata mmoja.

Mimi nafuma.
Nikitoka zamu ya usiku kwa wazee wa Lockwood
nafuma safu nne, tano; usingizi ukija
natia sufu kikapuni, wala hainiiti.
Uraibu wa watu wengi ndivyo ulivyo: una kifuniko.

Somoe ana miaka kumi na mmoja
na mifuniko mia tatu na tisa,
ya maji taka, ya gesi, ya simu,
yote imelala barabarani hapa Huddersfield.
Hupiga magoti mvuani, karatasi juu ya chuma,
akasugua krayoni hadi jina litokeze:
nani alisubu, mji gani, mwaka kama upo.
"Huyu ana miraba sitini na minne," husema,
"na yule jirani yake sitini tu. Wamemnyima kona."
Anawapa ngeli ya watu.
Nilimsahihisha mara moja.
Alinitazama kana kwamba nimetukana wageni.

Daktari alitupa neno usonji na kijitabu chenye picha ya puto.
Mwalimu Pickersgill, mtu mwema, akashauri:
tumpe mifuniko kama peremende,
nusu saa, Ijumaa, akimaliza kazi.
Nikakubali. Mungu anisamehe, nilikubali haraka.
Wiki hiyo Somoe alikula wali mweupe tu,
akalala na viatu,
hesabu zikamtoka, kisha maneno,
kama maji yanayotafuta shimo na kukuta saruji.

"Sote tuna vitu vyetu," alisema Glenys wa nyumba ya pili.
Kweli, Glenys. Lakini timu yako ikifungwa
unalaani, unapiga mlango,
na saa moja jioni nasikia harufu ya vitunguu vyako.

Mwezi wa pili simu ikalia kutoka Muheza.
Mama alikuwa amezikwa tayari, saa kumi.
Nilikaa kwenye ngazi, sijui kwa muda gani.
Somoe hakunikumbatia, hakuuliza.
Aliniletea koti, na si langu, la baba yake,
akanitangulia hadi uchochoro wa nyuma ya soko.
"Huyu sijamwonyesha mtu," akasema.

Mfuniko mdogo, maandishi yameliwa na nyayo.
Akachukua kiganja changu akakibandika juu yake.
Baridi ilipanda hadi kwenye kiwiko.
Chini kabisa, maji yalikuwa yakienda zao.
Kisha akaanza: uzito, bawaba, unene wa ukingo,
kwa nini wa mviringo hawezi kutumbukia
na wa mraba anaweza,
dakika arobaini, bila kunitazama usoni,
na sikukosa neno.

Tulirudi tumelowa chepechepe.
Asubuhi nilimwandikia mwalimu mistari miwili.
Somoe alikuwa anatenga mkate mbali na maharage.
Nikamuuliza, "Yule wa jana, alisubiwa wapi?"
Akaacha kutafuna.
Nami ndipo niliposikia ngeli iliyonitoka.