Kipande Namba 417

Kimefika Mbarara ndani ya kichupa cha fomalini,
plasta imebanduka, wino umevuja:
Bitariho Eriabu, miaka hamsini na minane, Kazo.
Mchuuzi wa maziwa.

Nakikata chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nakilaza juu ya kioo, nakitia rangi,
nasubiri. Umeme unakatika. Jenereta inakohoa.
Nasubiri tena.

Kisha kahawia,
kahawia tupu, ukingo hadi ukingo,
kama kuta za jiko la mama yangu.
Kila palipo kahawia pana kimeng'enya,
na nyuma ya kimeng'enya iko jeni
iliyoagizwa kupika chakula cha mtu mmoja
ikapika cha harusi.

Seli nzima huichoma sukari taratibu,
kwa hewa, kwa adabu, mpaka chembe ya mwisho.
Hizi hazina subira. Hewa ipo, haziitaki;
zinabugia sukari, zinaiacha nusu,
na kinachobaki huchacha:
asidi ileile ya maziwa ya mgando.

Hapo nikainua macho kwenye darubini.

Miaka thelathini Bitariho amenusa mitungi alfajiri,
akijua kwa pua tu upi umelala vibaya.
Vibuyu vyake alivisugua, akavifukiza, akavianika.
Nani angemwambia kuna kibuyu kimoja
kisichofikiwa na moshi?

Jana alikuja, suruali imekazwa kwa kamba,
akaniuliza dirishani, kama mtu anayeulizia bei:
"Hiyo jeni, ni ya mama au ya baba?"
Nikamwambia ni ya wote wawili. Ninayo mimi. Anayo daktari.
Ndiyo hutuokoa tukipanda mlima pumzi zikiisha.
Yako imepanda, ikasahau kushuka.
Akacheka kidogo, akashika tumbo.
"Kumbe ng'ombe ni wangu mwenyewe," akasema,
"na shamba analolila ni langu."

Fomu ina mistari miwili ya majibu.
Naandika: saratani, imepenya ukuta wa tumbo.
Naandika: kimeng'enya, juu sana.
Dawa ya kukizima haina rafu katika kabati letu,
na kwa hilo fomu haina mstari.

Mwanawe Nuwagaba ameniachia lita moja mlangoni,
mdomo wa chupa umezibwa kwa jani la mgomba.
Nimeyanusa.
Bado matamu.