Waya wa Buji

Kwetu Ndosho hakuna hata jani moja.
Kiwanja chote ni jiwe jeusi, wimbi la moto
lililosimama katikati ya safari yake,
na juu ya wimbi hilo, chini ya turubai kuukuu,
imelala mashine ya kukata majani:
ina kiti, ina usukani, ina taa mbili zisizowaka.
Tajiri wa Himbi alipohama
alimwachia baba mashine hii badala ya mishahara mitatu.
Mama alicheka mpaka akakaa chini.
"Mbusa, umeleta ng'ombe pasipo na malisho!"

Jina likabaki. Ng'ombe.

Ijumaa jioni tunamhudumia.
Baba hakalii kile kiti; anakalia bidoni tupu
na kunihesabia kwa mkono wa kushoto.
Gumba: ufunguo uwe mfukoni mwako,
si kwenye mashine, si mezani.
Cha shahada: acha apoe.
Injini ya moto haimwagiwi esansi;
shavu la Kavira, yule muuzaji wa njia panda, umeliona,
basi sisemi zaidi.
Cha kati: mawe mbele na nyuma ya magurudumu,
hapa angalau mawe hatununui.

Halafu vidole vinakwisha.
Anauchukua mkono wangu, anakishika kidole cha pete
kana kwamba ameazima panga kwa jirani.
"Na hiki. Waya wa buji.
Uchomoe, uufunge pembeni, mbali na jino lake.
Ndipo uingize mkono chini ya tumbo.
Ndipo. Si kabla."

Siku ile hajawahi kunisimulia.
Najua kwa mama: majani mabichi yalikuwa yameziba tumbo,
mvua inakuja kutoka ziwani, tajiri ana wageni,
injini kimya, ufunguo haujarudishwa,
na kisu kikageuka nusu mzunguko
kama mtu anavyojigeuza usingizini.
Nusu tu.
Mwaka ule, mama anasema,
majani ya Himbi yaliota vizuri sana.
Hacheki anaposema hivyo.

Nakwangua tumbo kwa kijiti, si kwa kucha.
Kisu nakinoa kwa tupa, nakitundika kwenye msumari
nione bawa gani linashuka.
Chujio nalikung'uta: yanatoka majivu ya mlima,
laini kama unga wa muhogo.
Mafuta ya injini yamekuwa kahawa; yalipaswa kuwa chai.
Na kumwasha ni nje, hata kama mvua inanyesha.
Moshi wake kibandani ni mazuku,
hayabishi hodi,
unadhani umesinzia tu.

Watoto wa jirani wamejipanga juu ya ukuta.
Kahindo, mdogo kuliko wote, anauliza lini atapanda.
Baba anakiinua kidole changu cha mwisho,
anakitikisa mbele ya uso wangu,
wala hasemi kitu.

Jumamosi, Himbi.
Kabla ya kuwasha natembea bustani nzima nimeinama,
ndoo mkononi, kama mtu anayechambua maharage.
Udongo huu ulikuja kwa malori, ukamwagwa juu ya jiwe,
majani yakakubali.
Lakini kila mvua inasukuma juu jiwe jingine,
jepesi, lenye matundu, kama ngumi ya mtoto,
na kisu kikilipiga linakuwa risasi.
Risasi tunazo za kutosha.

Baba amesimama kwenye lango, mkono mfukoni.
Nakata mteremko kwa kupanda na kushuka,
kamwe si kwa ubavu,
na kila kona namwona akihesabu kitu kwa midomo.

Jioni narudi na ndoo imejaa.
Mama anaichungulia, anatazama kiwanja chetu cheusi,
anaitazama tena.
"Ehee," anasema, "siku hizi Himbi wanalipa mawe?"