Swali la Saba

Murhula, simama mlangoni, visigino viguse mwimo.
Shusha kidevu. Mwimo hauhongwi.
Mita moja na sitini na mbili na nusu.
Hiyo nusu tutaiombea kwa soksi za ziada.

Umeme umeondoka Kadutu nzima tangu magharibi,
cherehani yangu imefumba jicho,
nami nakukunjia suruali kwa sindano ya mkono
kwa mwanga wa mbabula, maharagwe yakinguruma juu yake.
Suruali yenyewe ni ya Pasta Cikuru:
amekuazima kwa sharti moja, irudi Jumamosi
kabla hajaenda kufungisha ndoa kule Panzi.
Ana miguu mirefu, mtumishi wa Mungu.

Haya, tuanze upya. Mimi ni komanda.
Kigoda ndicho meza yangu, mkasi ndio kalamu.
Jina?
Polepole. Umelitaja kama mtu aliyeliokota njiani.
Umri?
Ishirini na mbili, basi. Usiongeze "tangu Machi",
hakuna atakayekupikia keki.
Unajua Kilingala?
Mama Bolumbu wa duka la vitenge
amekufundisha wiki tatu, nawe umemchotea maji wiki tatu,
na sasa unasalimia kama muuza vitambaa:
unashusha bei kabla hujaulizwa.
Salimu kama mtu asiye na cha kuuza.

Mbio sina shaka nazo.
Nimekusikia alfajiri ukishuka ngazi za udongo,
ukirudi kutoka Nyawera na pumzi mkononi
kabla wauza sambaza hawajatandaza mifuko yao.

Kovu la goti?
Mpira, unasema. Na kweli ulikuwa mpira,
nilikuosha damu mimi mwenyewe, ukilia kwa sababu mlifungwa.
Lakini kwa sauti hiyo hata mimi nasikia risasi.
Sema mpira kama mpira.

Swali la sita: kwa nini jeshi?
Juzi ulisema nchi.
Jana ulisema mshahara, ukacheka, ukaomba msamaha.
Leo umetazama makaa.
Mlango wa akina Nsimire hukuutaja,
na sikukusukuma; komanda hajui Nsimire ni nani,
wala kwamba mlango ule mpaka leo unafungwa kwa kamba.
Sema nchi. Ni neno fupi, halitakukwama.

Swali la saba.
Kuna mtu anayekutegemea?

"Hakuna, komanda."

Papo hapo, bila kumeza mate.
Bisimwa ndiye aliyekufunza, najua,
yeye aliyerudishwa mwaka jana kwa kutaja watoto wa dada yake:
wenye watu, alisema, hupigwa mstari.
Nawe umenijibu ukinitazama machoni
nikiwa nimepiga magoti mbele yako,
pini nne mdomoni,
na uzi wa pindo lako umezungushwa kidoleni.

Maharagwe yamefurika. Nimeyaacha yafurike.

Jibu ni zuri, Murhula.
Halina mkunjo.
Ila usinitazame mimi unapolisema;
tazama juu ya kichwa changu, pale kwenye msumari wa kalenda,
ndipo uso wa komanda ulipo.

Suruali sikuikata. Nguo ya kuazima haikatwi:
kitambaa chote cha ziada kimo humo ndani,
vidole vitatu, kwa mishono mirefu
inayofumuka kwa mvuto mmoja.
Ukikimbia, usikanyage pindo.

Simama tena.
Kuna mtu anayekutegemea?